Kitanda cha Mutachoka

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari kubwa! Muuza simu wa chumba cha mbele amefunga virago, amekwenda Kisangani. Chumba ni kitupu! Chumba cha mbele, kinachotazama soko, chenye mlango mpana wa chuma ambao ng'ombe wawili wanaweza kupita bila kugusana. Ndoto yangu tangu nifike Kindu.

Butiki yangu mimi iko nyuma ya kiwanja, ubavuni mwa choo. Nauza magodoro. Mteja anaingia ameziba pua, analala juu ya godoro kulijaribu, anatoka bado ameziba pua. Nani atanunua usingizi wa namna hiyo? Nikipata chumba cha mbele nitakuwa mtu. Mado, mke wangu, anasema mimi ni mtu tayari, nianzie hapo. Hajui biashara.

Nilikimbia kwa mwenye kiwanja na vyumba vyake vya kupanga, Mama Albertine, mswaki ungali mdomoni. Nikamkuta Kalume amenitangulia! Kalume, muuza samaki wa kukauka, mwenye meza pale kando ya barabara. Naye anakitaka. Kila ninachokitamani katika mji huu, Kalume anakuwa ameshakikalia.

Mama hakutujibu habari za chumba. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbwa wake, Mutachoka, akimpaka mawese kwenye viwiko vilivyochubuka. Mbwa amezeeka kabisa. Kiuno kimekwisha. Analala juu ya simenti tupu, na anaamka kwa vipande: kwanza kichwa, kisha miguu ya mbele, kisha anafikiri sana kuhusu ile ya nyuma. Mama akasema bila kututazama, "Huyu muzee anahitaji kitanda. Bruno akirudia akute imbwa yake inalala chini hivi, nitamuambia nini?"

Bruno ni mwanawe, yuko Goma. Tangu vita viingie kule ndege za Goma hazipo, na simu yake inasikika siku ikipenda. Mbwa ni wake. Mama anamtunza kama mtu anavyotunza mzigo wa msafiri, asije akaulizwa.

Kisha akasema chumba atampa mtu mwenye roho. Alipotamka neno roho, alimtazama mbwa. Kalume hakuona. Mimi niliona! Sikusoma bure.

Niandike ukweli: mimi na mbwa huyu hatujawahi kupendana. Mwaka jana alikojolea godoro langu la maonyesho, ikabidi niligeuze. Lakini kuanzia leo nampenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimebaki na magodoro mawili tu, yaliyokuja na ndege ya mwisho ya Goma: moja kubwa la watu wawili, moja dogo la mtoto. Nimetoa lile dogo. Nililibeba kichwani mwenyewe, nikazunguka kiwanja chote, nikapita mbele ya meza ya Kalume mara mbili, kwa kuwa nilikuwa nimesahau njia.

Plastiki niliiacha, bila shaka. Godoro likivuliwa plastiki si bidhaa tena, ni mitumba. Na mbwa ni mzee. Mungu amweke, lakini siku moja godoro litataka kurudi dukani. Baba yangu, kule Butembo, alilala juu ya plastiki maisha yake yote, akajigeuza kwa adabu, na baada ya msiba tukaliuza godoro lake likiwa jipya. Huyo ndiye aliyekuwa mfanyabiashara!

Mutachoka aliweka miguu ya mbele. Plastiki ikalia. Akashtuka. Mguu mmoja wa nyuma ukaelekea sokoni, mwingine ukaelekea mtoni, na kidevu kikapiga chini. Nikamwinua, nikamlaza katikati. Akateleza taratibu kama sabuni bafuni, akatua upande wa pili, akanitazama. Kalume alicheka mpaka akakalia samaki wake.

Mama Albertine akaniuliza, "Nzanzu, mutoto yangu, unalaza imbwa ao unalaza plastiki?"

Nilikuwa na jibu! Viti vyake vya sebuleni viko ndani ya plastiki tangu arusi yake. Jumapili moja niliinuka pale kumpa pasta mkono, mapaja yakabanduka kwa sauti ambayo pasta hajaisahau. Lakini jibu nililiweka akiba. Chumba kwanza, haki baadaye.

Godoro limerudi dukani na alama za kucha. Nimeligeuza.

Jumatano, 8 Oktoba

Msiba. Kalume ameleta kitanda chake. Na kitanda gani! Magunia mawili aliyoyashona pamoja, akayajaza maganda ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Vitu vya bure! Vya kutupwa! Mbwa akavinusa, akazunguka, akalala, akakoroma.

Bila shaka atakoroma. Kalume alilibeba gunia kwa mikono ileile ya samaki. Kile si kitanda, ni rushwa.

Mama alimwita Kalume mutoto yangu. Mutoto yangu ni mimi! Jana tu nilikuwa mimi!

Mado ameniambia nimwombe Kalume maganda kidogo, nijaze gunia la kwangu, tulale. Nimekataa. Kabla ya giza nilipita karibu na kitanda kile kwa bahati mbaya, nikiwa na konzi ya mpunga mzima mkononi, na mshono wa gunia ulikuwa wazi kidogo. Kuku wa kiwanja hiki wanaamka mapema. Sitaandika zaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kuku waliamka mapema. Nilitoka na chai yangu kushuhudia, uso nikiwa nimeuandaa kwa huzuni. Kuku wote wa uani walikuwa juu ya kitanda cha Kalume, wanachakura, maganda yanaruka mpaka kwenye paa. Nikasubiri mbwa akimbie.

Hakukimbia. Alifungua jicho moja, akawatazama, akalifunga. Wakachakura pembeni yake, wakashiba, wakamlalia mgongoni. Na yule kuku mweupe wa Mama, aliyegoma kutaga tangu Pasaka, akakaa karibu na tumbo la mbwa, akafikiri, akataga!

Mama alipiga vigelegele, majirani wakaja. Akasema kitanda cha Kalume kina baraka. Akalikaanga yai lile, akampa Kalume, na Kalume akalila na mkate akiwa amenielekea mimi. Mpunga wangu! Akili yangu! Yai langu!

Faraja moja: mchana upepo ulipeperusha maganda yaliyobaki, yakaingia kwenye viatu vya kila mtu na kwenye sufuria ya majani ya muhogo, sombe ya Mama mwenyewe. Jioni mbwa amerudi kwenye simenti. Nimemshukuru Mungu kimoyomoyo, kwani si sala ya kusema kwa sauti.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mambo madogo nimeyaacha. Nimekwenda kwa Kassim, seremala, mtu mwenye mikono ya dhahabu na kofia safi. Nimeagiza kitanda cha mbao ngumu, cha watu wawili, chenye ua la kuchongwa upande wa kichwa. Kalume na alete tena gunia lake!

Kassim akauliza nani anaoa. Nikaona nikimwambia ni cha mbwa atanipa mbao za sanduku la sabuni. Kwa hiyo nikasema ni cha baba yangu mkubwa anayekuja kutoka Butembo, mtu wa heshima, kiuno kinamsumbua. Kassim akasikitika sana. Akasema mtu wa kiuno hapaswi kuinama wakati wa kuamka, basi atakiinua kitanda juu, miguu mirefu, ili mzee ashuke kama anayeshuka kitini. Nikamwambia ana hekima.

Njiani kurudi nikahisi kuna kitu sikukifikiria vizuri. Sikukumbuka ni nini.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekumbuka.

Kitanda kilifika kwa mkokoteni baada ya ibada, kiwanja kimejaa watu, na Kassim mwenyewe alikuja nyuma yake, amevaa kanzu, ili amsalimie baba yangu mkubwa. Kitanda kirefu! Ua limechongwa na majani yake! Chini yake mtoto angetambaa bila kuinamisha kichwa. Kassim akauliza mzee yuko wapi. Nikakohoa. Mado, mke wangu wa ndoa, mama wa Jessica wangu, akanyoosha kidole kumwonyesha mbwa.

Kassim akamtazama mbwa. Akanitazama mimi. Akalitazama ua. Akaivua kofia, akaivaa tena. Halafu akasema, "Baba yako mukubwa munafanana kabisa, masikio njo hayahaya." Watu wakacheka mpaka mkokoteni ukaondoka peke yake.

Mbwa hakuweza kupanda. Nikambeba. Huko juu alitetemeka, akachungulia chini kama mtu aliye juu ya daraja, kisha akashuka kwa njia ya kuniangukia mimi. Nikiwa bado chini, nikamwona anavuta kiuno chake polepole, anaingia mvunguni mwa kitanda. Akajilaza pale, kwenye simenti ileile. Akashusha pumzi ndefu.

Kalume akanipongeza. Akasema wengine wanamtafutia mbwa kitanda, mimi nimemjengea paa.

Nilingoja Mama Albertine acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu inaning'inia, akaanza kusimulia. Kumbe huyu si Mutachoka wa kwanza. Wa kwanza alikuwa bibi wa mbwa huyu, wakati wa vita vile vingine, mji ulipofungwa pande zote, hakuna chumvi, hakuna mpunga, watu wanachemsha majani, na mbwa wa mtaa wanapotea mmoja mmoja kuingia kwenye vyungu. Mama alimficha wake mvunguni mwa kitanda. Risasi zikianza, Bruno, mtoto mdogo, anaingia mlemle, anamshika mbwa mdomo asibweke. Wakalala hivyo usiku baada ya usiku, mtoto na mbwa, mpaka wakawa na viroboto wa pamoja.

Na jina? Askari wakipita njiani, Mama anasimama uani anaita kwa nguvu: "Mutachoka! Mutachoka!" Wanadhani anaita mbwa. "Na kweli walichoka," akasema. "Walienda. Siye tulibaki."

Tangu hapo mbwa wote wa ukoo ule wamelala mvunguni mwa kitanda cha Bruno, na Bruno juu, mkono wake unaning'inia. Mpaka Bruno alipotaka kwenda Goma kutafuta maisha. Mama aliuza kitanda kile kumpatia nafasi ya ndege. Bruno alikwenda. Mbwa alibaki na simenti, bila kitu juu yake.

Nililia. Naandika kama ilivyokuwa. Kalume naye alilia, akajifuta kwa mkono wa samaki, akalia zaidi. Hata Kassim alisema miguu ya kitanda anaweza kuiacha hivyohivyo.

Kisha nikakumbuka chumba, nikapata nafuu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimeamka na wazo langu mwenyewe, ambalo Mado alikuwa amelisema jana mara kadhaa: godoro dogo liwekwe mvunguni.

Mado akasema plastiki itoke. Nikapendekeza itoke upande wa juu tu, ule wa chini ubaki. Akanipa mkasi. Nikapendekeza tuikunje bila kuikata. Akaendelea kunishikisha mkasi. Nilikata. Nikamsikia baba yangu akijigeuza kaburini, kwa adabu. Plastiki nimeikunja, nimeificha ndani ya sanduku. Haikuchanika sana.

Ikabaki kuliingiza. Mimi ni mtu wa tumbo. Nikasimama nikikitazama kitanda, labda Kassim akiinue tena kidogo. Mado akanipiga begani, akasema, "Papa Jessica, mutaka cha mvunguni sharti ainame." Nikainama. Nikaingia. Nikakwama. Kalume alinivuta miguu, na sitamshukuru.

Mutachoka akaja. Akanusa. Akakanyaga: hakuteleza. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona tangu nihamie hapa: akalala mara moja, mwili mzima, si kwa vipande. Akakoroma. Kuku mweupe akaja kutazama, akaondoka kwa heshima.

Na mchana, simu ya Mama ikalia. Bruno! Mama alishika simu kwa mikono miwili. Mdomo ulifunguka tu. Basi akainama, akaiingiza simu mvunguni, karibu na pua ya mbwa. Mbwa akakoroma. Halafu tukasikia sauti ya Bruno, ndogo, ikiuliza, "Mama, njo yeye? Angali anakoroma hivyo?" Kisha akacheka, au hakucheka, sikuelewa vizuri, na simu ikakatika.

Mama akanishika mikono. Akaniita mutoto yangu mbele ya Kalume, mbele ya Kassim aliyekuja kudai misumari yake, mbele ya kuku. Chumba ni changu! Nimeshapima kwa macho mahali pa kaunta.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua ya kutisha tangu asubuhi. Maji yaliingia uani kama wageni wa arusi, bila kuuliza, yakaelekea kitandani, palepale uani kilipokuwa tangu Jumapili. Mbwa chini! Godoro lisilo na plastiki! Nilipiga kelele kuliko Mama.

Tukabeba kitanda, mimi na Kalume mbele, Mado na Mama nyuma. Tukajaribu nyumba ya Mama: mlango mwembamba. Tukakilaza ubavu: ua likakwama. Tukajaribu butiki yangu: mguu mmoja uliingia, mitatu ikakataa. Kitanda cha watu wawili, chenye ua, chenye miguu mirefu! Nani aliagiza kitanda kikubwa hivi?

Katika kiwanja chote kuna mlango mmoja tu ambao kingepita. Niliutaja kwa sauti mimi mwenyewe. Mimi! "Chumba cha mbele!" nikasema, "ng'ombe wawili wanapita!" Na nikasukuma wa kwanza, kwa bega langu.

Kikaingia kama kilichochongwa mle ndani. Pakavu. Ukuta safi. Mutachoka akaja nyuma yetu akichechemea katika mvua, akajikung'uta juu yangu, akaingia mvunguni, akalala. Mama Albertine akasimama mlangoni maji yakimtiririka usoni, akatazama chumba, akatazama kitanda. Akasema sasa ameiona roho yangu. Moyo ukaruka! Akasema kitanda kama hiki si cha kuhangaishwa tena. Kibaki hapahapa. "Bruno akirudia, atalala juu. Mutachoka chini. Kama zamani." Akafunga mlango taratibu ili asimwamshe, na ufunguo akautia kifuani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kalume aliuliza kama angeweza kupata japo kona ya meza mle ndani. Mama akamwambia harufu ya samaki itamsumbua mzee wa mvunguni. Hilo limenisaidia kula chakula cha jioni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mpangaji wa chumba cha mbele ana miguu minne na halipi kitu. Kila asubuhi namwomba Mama ufunguo, naenda kutazama kama anapumua. Si upendo. Ni ukaguzi. Nainama, nasikiliza, nakaa kidogo pale chini. Leo aliweka kidevu juu ya kiatu changu, akasinzia, nikashindwa kuinuka. Wateja wawili walipita kwenda kwenye butiki yangu wameziba pua, wakarudi, na mimi nimekaa tu. Kidevu kina joto.

Mado anasema nimebadilika. Anasema wiki hii imenifundisha. Nimekubali. Mtu akisifiwa asibishane.

Lakini sikiliza! Saa ya chakula Mama Albertine aliinuka kwenye kigoda chake ameshika mgongo. Akasema tangu siku ile ya kubeba kitanda mgongo unamuuma, na godoro lake ni la zamani, limekufa katikati. Nilisikia. Kalume naye alisikia! Niliona macho yake yakielekea upande wa mashine ya mpunga. Na muuza nguo wa chumba cha pembeni, kile chenye dirisha linaloelekea barabarani, anasemekana anahama mwezi ujao.

Nimebaki na godoro moja, lile kubwa. Sikungoja. Nimelibeba kichwani, nikazunguka kiwanja chote, nikapita mbele ya Kalume mara mbili, nikalitandika mwenyewe kitandani kwa Mama.

Na safari hii sikufanya makosa. Yule ni mama wa watu, si mbwa. Haki yake ni kitu kipya. Plastiki nimeiacha. Tena nimekwenda kwenye sanduku, nikachukua na ile ya Mutachoka, nikaitandaza juu yake, ziwe mbili, aone heshima.